Ishara Iliyoua Kazi ya Mwajuma

Ibaba, Ileje
Agosti 1985

Shangazi Fides, shikamoo.

Nakuandikia kutoka nyumbani kwetu, na naomba unisaidie kabla likizo haijaisha, kwa sababu tangu nimefika mama yangu anapita kwa majirani akisema mwanawe anakwenda Ulaya kusomea kompyuta, na Jumapili kanisani wameniimbia, nami nikasimama mbele yao nimeinamisha kichwa, wakadhani ni adabu, kumbe ni aibu.

Shangazi, nasoma chuo kimoja Dar es Salaam ambako kuna kompyuta moja kubwa tunayoitumia kwa zamu, yenye mfumo unaoitwa Unix, na mwaka huu kila mmoja wetu alitakiwa atunge programu ya kumalizia masomo. Mimi nilitunga sheli, yaani ile programu inayokaa kati ya mtu na mashine: unaiandikia amri, yenyewe inazaa programu nyingine ya kuifanya hiyo kazi, ambayo tunaiita mtoto, inamsubiri amalize, halafu inakuuliza unataka nini tena. Yangu ilikuwa inapokea amri kwa Kiswahili, na nililojivunia zaidi ni kwamba kazi ndefu ungeweza kuipeleka nyuma, ikaendelea kimyakimya huku wewe ukifanya kazi nyingine mbele, kwenye kioo kilekile.

Sasa pale chuoni tulikuwa wawili tu kutoka huku kwetu, mimi na binti mmoja wa Tunduma, nimwite Mwajuma ingawa si jina lake, baba yake ana malori, na yeye alitunga programu ya kupanga malori yachukue mahindi vijiji vya Msangano yafike ghalani kabla mvua haijafunga barabara, hesabu ngumu zinazotaka kutwa nzima kumalizika. Tulisaidiana kama ndugu, na siku ya zamu yake ya mwisho nilimwomba nikae naye, nikamwambia, "Dada, tumia sheli yangu. Hesabu zako zipeleke nyuma, mimi nitafanya zangu mbele, zamu moja itatutosha wote." Akasita. Akaniuliza, "Una hakika haitanivurugia?" Nikacheka, nikamwambia aniamini.

Akaipeleka kazi yake nyuma, akaenda kula. Yangu ya mbele ikakwama, nikabonyeza vitufe vya kukatiza, na hapo ndipo nilipoharibu bila kujua, maana ukibonyeza vile mashine inatuma ishara ya kukatiza kwa kila programu iliyoanzishwa kwenye kioo hicho, si ile ya mbele peke yake. Sheli yenyewe nilikuwa nimeifundisha kuipuuza ishara hiyo isije ikafa, lakini watoto wake wote, wa mbele na wa nyuma, nilikuwa nimewaacha waipokee. Kazi ya Mwajuma ikafa palepale. Tena sheli yangu haikuwa na tabia ya kuulizia watoto wa nyuma, nani kamaliza na nani kafa, kwa hiyo Mwajuma aliporudi akaiuliza, ikamjibu: inaendelea. Akasubiri mpaka jioni, kila akiuliza anajibiwa inaendelea, kumbe ni maiti.

Zamu ikaisha hana hata mstari mmoja wa matokeo, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi kazi. Mwalimu wetu, nimwite Bwana Kasiani, akatazama kioo akasema, "Kutwa nzima inaendelea na haijatoa kitu? Programu yako inazunguka palepale, binti. Hukufikiri vizuri." Mwajuma akanigeukia. "Kaka, si ulikuwepo? Hukuona chochote?" Shangazi, sikuwa na hakika, lakini nilivikumbuka vile vitufe, na bado nikajibu, "Mimi nilikuwa nashughulika na yangu."

Akafelishwa, akarudi kwao. Wiki ileile nikajifungia na sheli yangu nikaligundua kosa, nikalirekebisha kwa mistari michache tu, kwamba mtoto wa nyuma asiisikie ile ishara, na akifa sheli ipate habari imwondoe. Nikanyamaza. Nikaionyesha mbele ya wageni, wakapiga makofi, na Bwana Kasiani akapendekeza jina langu la kwenda nje.

Nilipokuja likizo nilishuka treni Tunduma, nikasema nimpelekee Mwajuma mche wa sabuni kwa vile imeadimika. Nilimkuta dukani kwa baba yake akiuza vipuri, akiwasalimu madereva wa Zambia "Muli shani," akanipa kiti na chai. Baba yake akasema huku akicheka mbele ya wateja, "Tulimpeleka shule kubwa huyu, kumbe kichwa hakina kitu." Mwajuma akaendelea kufunga boliti kwenye gazeti kana kwamba hakusikia. Nilipoaga akanisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza taratibu, "Kaka, ile programu bado naipitia kichwani kila siku. Hivi nilikosea wapi?" Nikamwambia nitaitazama.

Shangazi, nikisema ukweli safari yangu inaweza kufutwa na mama yangu nitamweka wapi, nikinyamaza siwezi tena kumtazama mtu usoni. Nifanye nini?

Mwenye aibu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Mimi kompyuta sijawahi kuiona kwa macho, lakini umenieleza nikaelewa, na hapo ndipo uliponiudhi. Mgeni kabisa umemfafanulia kila kitu, na mwenye kazi yake, aliyekuuliza kwa upole barabarani, umemwambia utaitazama! Utatazama nini wakati ulishaona?

Kukosea kwako siku ile sikulaumu. Ulikuwa unajifunza, na mtu anayejifunza ataharibu. Ungekwenda kwa mwalimu siku ulipoligundua kosa, ungeona haya kidogo na mambo yakaisha. Wewe ulilirekebisha kosa la mashine, lile ulilomtendea mwenzako ukaliacha, ukapokea makofi. Halafu ukampelekea sabuni. Nakuonea huruma, maana barua yako ni ya mtu anayeumia, lakini anayechekwa mbele ya wateja si wewe.

Basi sikiliza. Usingoje likizo iishe. Shuka Tunduma, mwambie Mwajuma kwanza, mkiwa wawili, neno kwa neno kama ulivyoniambia mimi. Kisha ingia dukani umwambie baba yake, na wateja wakiwepo ni vizuri zaidi, kwa kuwa na wao walisikia kile kicheko. Usiombe msamaha siku hiyo ili upate kulala. Siku hiyo ni yake. Mkirudi Dar es Salaam mwende wote kwa Bwana Kasiani, uiendeshe sheli yako ile ya zamani mbele yake, ubonyeze vitufe vyako, aone kazi ikifa huku sheli ikidai inaendelea. Mwombe ampe Mwajuma zamu nyingine. Kama safari yako itakufa kwa hilo, ife. Na mama yako mwambie wewe mwenyewe, asije akaambiwa kisimani.

Fides

Wasomaji wangu, jibu hili nililituma kwanza kwa posta, na nimelichapa leo kwa ruhusa ya wote wawili. Kijana alikwenda. Mwajuma amepewa zamu, hesabu zake zimetoka kama alivyozipanga, na baba yake amefunga duka kwa siku nzima ili amsindikize kwenye treni. Safari ya Ulaya imesimamishwa na hakuna anayejua kama itakuwepo. Mama wa Ibaba alilia, kisha akamfungia mwanawe maharage ya kumpelekea binti wa watu.

Mwajuma naye ameniandikia. Anasema, "Alianza kutokwa machozi, nikamwambia anyamaze, kwanza achore chini anionyeshe mahali penyewe. Akachora. Nilipoona kwamba si mimi, nilicheka kwa furaha, halafu ndipo hasira ikanijia. Bado sijamsamehe, Shangazi. Watu wananiambia niharakishe."

Usiharakishe, binti yangu. Yeye angoje.