Hapana Tatu kwa Fleti ya Roslyn

Jackson Heights, Queens
Alhamisi, 9 Mei

Mdogo wangu mpendwa Faye,

Salamu nyingi, nyingi kama mchanga wa huko Arizona unaonisifia kila ukipiga simu. Natumaini mgongo umetulia, na kwamba shemeji Morris bado anakwenda kuogelea asubuhi bila kuaga mtu. Mimi sijambo. Goti linalalamika, lifti imegoma tena, na siku tatu sasa nakunywa kahawa peke yangu, kwa kuwa jirani yangu anafunga mizigo aje kwako.

Unakumbuka nilivyokuja na Roslyn mwaka juzi. Nilimleta mimi. Miaka thelathini na moja milango yetu inatazamana, na akipata habari yoyote, wa kwanza kuambiwa ni mimi. Siku ya tatu hapo kwako nikatoka bafuni nikawakuta mnacheka hadi machozi. Nikauliza kuna nini. Mkasema, "Aa, si kitu, ungekuwepo ungeelewa." Nilikuwa bafuni dakika kumi, Faye. Tangu siku hiyo ikawa Faye kasema hivi, Faye kapika vile. Habari ya jino lako aliijua kabla yangu.

Januari akanigongea mlango, uso umemng'aa. Nyumba inayopakana na yako inauzwa, haina ngazi hata moja, na mwenyewe atamngojea mpaka mwisho wa Mei. Asipokuwa ameuza fleti yake kufikia hapo, basi tena. "Shoga, niombee," akaniambia. Nikamjibu nitafanya zaidi ya kuomba. Si nimo kwenye bodi?

Wewe una nyumba yako na uzio wako, hujui mambo yetu. Hapa jengo ni la ushirika. Anayenunua fleti hupewa hisa, na hapewi mpaka watu watano wa bodi tumkalishe kwenye chumba cha kufulia, kati ya mashine mbili, tumtazame na kumpigia kura. Tukimkataa, hatuna wajibu wa kumwambia kwa nini. Na kwa desturi yetu hapana moja inatosha. Karatasi hukunjwa, zikatiwa kwenye bati la biskuti la mwenyekiti wetu, Delvecchio, na hakuna anayeuliza ipi ni ya nani.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa muziki, anapiga lile fidla kubwa la kukumbatia. Nikamuuliza kwa upole anafanya mazoezi kiasi gani. Akasema kidogo tu, saa nne kwa siku. Hapana. Wa pili alikuwa tarishi mstaafu, msafi, mpole, hana hata paka. Nilimtafutia kasoro nikakosa. Hapana vilevile. Roslyn akaja kulia jikoni kwangu, akiuliza ni nani huyo mwenye roho mbaya. Nikammiminia kahawa nikasema labda ni Hruska wa chini, si naye yumo kwenye bodi. Akaacha kumsalimia Hruska, ambaye hasikii vizuri na mpaka leo hajagundua.

Wa tatu walikuwa kina Tiernan, mume na mke, vijana. Mke alivaa koti pana. Nikamtazama kwa tabasamu nikauliza mgeni tumtarajie lini. Naye akatabasamu, akasema Agosti. Hapana.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya wakili wao kwamba tumewakataa kwa sababu ya mtoto. Kunyamaza bila kutoa sababu tunaruhusiwa, kumbe kumkataa mtu kwa ajili ya mtoto haturuhusiwi kabisa. Na swali langu Delvecchio alikuwa ameliandika kwenye kumbukumbu za kikao, neno kwa neno, kwa ule mwandiko wake mzuri.

Wakili wetu, Bi Okun, akaja chumba cha kufulia, akauliza ni nani aliyeuliza habari za mimba. Nikasema ni mimi, nilikuwa naonyesha upendo tu. Akavua miwani. "Bibi Nettie, upendo wako utatupeleka mahakamani." Kisha akasema aliyeandika hapana aeleze sababu yake sasa hivi. Na kama kuna mwenye jambo lake binafsi katika mauzo haya, alipaswa kutoka nje kabla ya kura. Delvecchio akalitikisa bati lake. "Hapana ilikuwa moja tu. Mwenyewe aseme, tufue nguo zetu."

Nikasimama, Faye. Nikasema si mtoto. Nikasema sikutaka aingie mtu yeyote, hata angekuwa malaika, kwa kuwa akiingia yeye, Roslyn anatoka. Na hizo mbili za mwanzo zilikuwa zangu pia. Mashine ya pili ilikuwa inazungusha mashuka ya mtu kwa kelele, mpaka ikasimama. Ndipo Hruska akauliza nimesema nini, na Delvecchio akalazimika kupaza sauti: "Anasema ni wivu! WIVU!"

Siku hiyohiyo nikajiuzulu. Kina Tiernan niliwaandikia kuomba radhi kwa mkono wangu, wakakubali. Wanne waliobaki wakapiga kura upya, wakawapitisha kina Tiernan, na wakili wao akaacha madai. Roslyn haambiwi, maana mambo ya bodi hayatoki nje. Anaamini nilimpigania mpaka nikapoteza kiti changu. Ameniokea keki ya jibini. Nimeila yote.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe Jumapili. Nimeifunga kwa gundi. Umwambie au usimwambie, nakuachia wewe. Mimi kila nikijaribu namkuta anafunga vikombe kwenye magazeti, anaimba. Yeye kahawa hunywa saa kumi, maziwa yakitangulia kikombeni. Pengine unajua tayari, na hilo ndilo linaloniuma.

Msalimie Morris, na huo mgongo uupumzishe. Nami nikipiga simu Jumapili nikawakuta mnacheka, tafadhali niambieni kinachowachekesha.

Dada yako,
Nettie