Mkono Niliouficha Penrith

Mjukuu wangu Furaha,

Najua unasoma Kiswahili polepole, kwa hiyo sitaandika mengi. Pumzi nayo hainiruhusu.

Unakumbuka mwaka wa kwanza wa Korona, msimu wa kuteleza kwenye theluji ulipokwisha, ukarudi Merrylands kutoka milimani pua imeungua kwa jua? Hukutulia. Ulisema theluji imeyeyuka, sasa utaifuata mtoni, ujifunze kuendesha kayaki, ule mtumbwi mwembamba, kwenye maji makali. Mama yako akakuuliza kama michezo ya nchi kavu imekwisha Sydney.

Nilikusindikiza Penrith, kwenye ule mto wa kutengenezwa, ambao pampu huyasukuma maji yake mpaka yatoe povu. Ulikuja mbele yangu na jaketi lako la kuelea, ukavua kofia ngumu, ukainamisha kichwa kama nilivyokuzoesha kabla ya kila safari. Kiswahili ulikuwa ukikitoa tu ukitaka kitu.

"Babu, nibariki."

Nikarudi nyuma. Nikakwambia serikali imekataza kugusana.

"Lakini Babu, tunaishi nyumba moja."

Mikono yangu ikabaki mfukoni. Ukavaa kofia, ukaenda. Wimbi la kwanza likaipindua kayaki yako. Ulipoibuka, ukikohoa na kucheka, ulinitafuta kwa macho ukingoni. Nilikuwa nimegeuza uso.

Sikuogopa ugonjwa, Furaha. Tulipokimbia vita, mjomba wako Amani aliinamisha kichwa vivyo hivyo, pale Uvira, kando ya ziwa, kabla ya kupanda boti. Nilimwekea mkono, nikamwombea. Ziwa halikumrudisha. Theluji haikunitisha, hukuniona nikisita ulipokwenda milimani. Lakini uliponiinamia kando ya maji, niliuogopa mkono wangu mwenyewe.

Sasa unavusha watalii kwenye mito ya Queensland, mpaka wa jimbo umefungwa tena kwa ajili ya Korona, na daktari akizungumza nami humtazama mama yako. Ukipiga simu kuniuliza hali, nasema nzuri. Hujaniomba tena baraka, nami sikuwahi kukwambia kwa nini nilikunyima.

Sijui kama baraka hufika pasipo mkono. Mama yako amenishikia karatasi hii, nami nimeikandamiza kwa kiganja mpaka kikachoka. Kabla hujaingia majini, vua kofia, uiweke karatasi hii kichwani. Ukiona wino umefifia katikati, ndipo nilipokugusa.

Nenda, mwanangu. Urudi ukingoni.

Babu yako