Baba, Wamemuua Staring

Mpendwa Baba,

Wamemuua staring, shujaa mwenyewe wa filamu. Nimeanza na hilo bila hata kukusalimu, na najua ungekuwa hapa ungeshika kiuno uulize ni nani huyo mwenye ujasiri wa namna hiyo. Unisamehe salamu. Mtaa mzima uko matangani.

Ngoja nikueleze polepole. Siku hizi watu hawaendi tena video kama enzi zako kule Langas, kwenye ukumbi wako wa mabati wenye pazia la gunia. Siku hizi unalipia kwa simu kila mwezi, na picha inakufuata mpaka nyumbani kwa intaneti. Ndivyo tulivyoletewa hii filamu mpya ya mfululizo, ya watu waliohama dunia baada ya mvua kukatika kabisa. Wako ndani ya chombo cha angani kilichojaa mbegu za kila namna, wanatafuta sayari yenye udongo. Kila Jumapili alasiri kinatoka kipindi kimoja, kisha tunakaa wiki nzima tukiumia. Sisi huku tunaiita "ile ya mbegu."

Hapa mtaani Pioneer si kila mtu analipia. Anayelipia ni Abdi, mwenye duka la jirani. Televisheni ameiweka juu ya rafu ya unga, na watu wa boda boda wanatazama wakiwa wamekalia pikipiki zao mlangoni. Pia kuna kikundi cha simu cha wapenzi wa filamu hiyo. Nilipojiunga nilisema nakwenda kuwachunguza wanafunzi wangu, maana nusu yao wamo, lakini wewe sikudanganyi. Nilijiunga kwa sababu naipenda.

Ungewapenda hawa watu, Baba. Kipindi cha kwanza walionyesha shamba la mahindi ndani ya chombo, mahindi ya kijani kabisa chini ya taa. Ungedhani watu watashangaa hicho chombo kinavyopaa. Wapi! Mzee mmoja wa Sugoi, mkulima, akaandika kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kupanda mahindi yakabanana hivyo. Mwingine akauliza mbolea ya kukuzia wanaitoa wapi. Halafu wakaanza kubishana ni nani anayepalilia, na Abdi, ambaye hajawahi kushika jembe, akasema kule hakuna haja ya kupalilia, magugu yalibaki duniani. Yule mzee akamwambia magugu hayaachi mtu. Nilicheka mpaka nikakukumbuka.

Maana wewe ndiye uliyetufundisha kwamba filamu ya mbali lazima iletwe nyumbani. Ulikuwa unasimama kando ya televisheni na maikrofoni yako iliyofungwa kwa selotepu, ukitafsiri Kiingereza ambacho, tuseme ukweli, ulikuwa unakipata nusu. Adui mkuu, awe wa nchi gani, alikuwa "Chairman." Askari wote walikuwa "kanjo," kama wale wa baraza la mji, na watu waliwachukia kana kwamba wanawafahamu kutoka sokoni. Mimi nilikaa nyuma kwenye kreti ya soda. Na staring akishazungukwa, bunduki kila upande, ulikuwa unashusha sauti kidogo: "Msiogope. Staring hakufangi."

Nilipofika sekondari nikaanza kukusahihisha. Nikakwambia si "hakufangi," Baba, ni "hafi." Ukanijibu kwamba staring wa vitabuni ndiye hafi, wa Langas hakufangi. Leo nafundisha Kiswahili na bado sijapata jibu la kukupa.

Lakini maneno hayo yalikuja kuniuma. Siku ile wodini nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chako, nalia bila aibu. Mama alikuwa amesimama dirishani akikunja sweta yako. Ulinishika mkono, kisha ukageuza uso kule dirishani, nikadhani unanificha machozi. Ukasema kwa sauti ile ile ya wakati wa hatari, "Usiogope. Staring hakufangi." Nami nikaamini. Mtu mzima, mwalimu, nikaamini kabisa. Wiki haikuisha tukakuzika shambani kwetu Sugoi. Baba, nimekukasirikia miaka yote hii. Sijamwambia mtu, lakini nilikukasirikia kwa kunishikisha neno halafu ukaenda zako.

Sasa habari za Mama. Macho yake yamekwisha. Presha ya macho ilimnyemelea polepole, na tulipomfikisha kwa daktari tukaambiwa kilichopotea hakirudi. Nilimtoa kule shambani kwa ugomvi mkubwa, kwa sababu hakutaka kuwaacha ng'ombe wake. Jumapili tukitoka kanisani namketisha kwenye kochi, nampa chai, halafu nashika kazi yako. Namtangazia filamu. Rubani mkuu nimempa jina la Kiprono. Yule mwanamke fundi wa mitambo, asiyeongea sana, ni Chebet. Kompyuta ya chombo nimeiita Konda, kwa kuwa kazi yake ni kuwaambia watu washukie wapi. Wale wa kikundini walisikia majina hayo kwangu wakayachukua, na sasa hata Abdi hatumii mengine.

Siku ya kwanza nilimpa Mama pole kwamba haioni picha. Akaniuliza, "Kwani ni lini niliwahi kuiona?" Nikakumbuka. Miaka yote ile yeye alikuwa nje ya ukumbi, akiwapikia wateja wako chapati na maharagwe, ukuta wa mabati katikati yenu. Sinema zote za Langas Mama alizijua kwa masikio.

Basi, Jumapili iliyopita. Mlango wa chombo ukagoma kujifunga, hewa inatoka kwa kasi, watu wanashikilia nguzo. Kiprono akapita upande wa pili aufunge kwa mkono. Nikamtangazia Mama vizuri: anavuta, anavuta, haya, umefungwa. Yeye ndiye amebaki nje. Nikangoja arudi, maana daima hurudi. Wakaonyesha glavu yake ikielea gizani, kisha majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Kelele ilisikika kutoka dukani kwa Abdi, na simu yangu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Mmoja ameandika kwamba wametuchezea. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anauliza mtu analipiaje kitu cha kumliza. Abdi ametangaza kwamba mwezi ujao halipii, bora atazame mpira. Yule mzee wa Sugoi aliandika "Poleni" tu, kama mtu aliyefika kwenye msiba.

Najua wapo watakaocheka watu wazima kumlilia mtu wa kubuni. Mimi siwacheki. Hawa ni watu waliozika, waliongoja mvua isije, waliouza ng'ombe kwa ajili ya hospitali. Jumapili alasiri walitaka mtu mmoja tu asife, basi. Nilikuwa na hasira kuwashinda wote, na haikuwa hasira ya Kiprono.

"Mbona umenyamaza?" Mama akauliza. "Amekufa?"

Nikasema ndiyo. Nikaongeza, na uchungu ukanitoka wote, kwamba Baba alikuwa akiwadanganya watu. Staring anakufa kama mtu mwingine yeyote.

Mama akapapasa meza, akaweka kikombe chini. Akanieleza jambo ambalo sikulijua, la Jumamosi moja nikiwa shule ya bweni. Ulileta kanda mpya bila kuitazama kwanza, na katikati ya filamu staring akapigwa risasi, akafa, akafunikwa shuka. Watu wakaanza kupiga mabati mateke. Mama huko nje alishika sufuria yake ya maharagwe tayari kukimbia nayo. Ndipo akasikia sauti yako kwenye spika, imetulia tuli.

"Alisema, 'Kaeni chini. Nani aliwaambia huyo ndiye staring? Staring hakufangi. Akifa, jua hakuwa yeye. Angalieni vizuri nani amebaki.'"

Watu wakakaa. Aliyekuwa amebaki kwenye picha, ulivyomsimulia Mama baadaye, ni mwanamke mmoja na mzigo wake kichwani, anatembea. Watu walimfuata yeye mpaka mwisho wa filamu, wakatoka wakimsifu.

"Ilikuwa mzaha wetu tangu siku hiyo," Mama akasema. "Nikichoka ananiambia, wee staring, amka, chapati zinaungua."

Nilibaki nimeshika rimoti mkononi. Nikaona ile wodi tena, kitanda, sweta, dirisha. Mkono wako ulikuwa umenishika mimi, lakini ulikuwa unamtazama Mama.

Baba, alilima lile shamba peke yake. Aliwasomesha wadogo zangu wote wawili kwa maziwa ya ng'ombe wale wale aliokataa kuwaacha. Sasa haoni hata mkono wake, na kila nikitoka kazini swali lake la kwanza ni kama nimekula. Nilikuwa naye nyumba moja na nikaendelea kulilia neno lako kana kwamba halikutimia.

Niliwaandikia kikundini maneno yako, bila kusema ni ya nani: angalieni vizuri nani amebaki. Halafu Abdi akaandika, "Chebet." Wengine wakaanza kukumbuka kwamba ndiye aliyetengeneza mtambo wa hewa ulipoharibika mara ya kwanza, ndiye aliyelala kando ya wagonjwa. Mzee wa Sugoi akafunga mjadala: "Mimi nilimwona tangu kipindi cha kwanza, kule nyuma. Ndiye alikuwa anapalilia." Wakarudi kutazama. Ni kweli, Baba. Yuko pale nyuma, ameinama kati ya mahindi.

Leo ni Jumapili tena. Abdi amelipia, pikipiki nazisikia zikijipanga mlangoni kwake. Mama ameshavua viatu na anasema nisimtangazie kwa sauti ya darasani, nitumie ile yako. Nitajaribu. Hasira yangu imekwisha, na nakupenda, na ningetoa kitu chochote ukae nasi saa moja tu kwenye kochi hili.

Lakini pumzika, usituhofie. Staring yuko hapa kando yangu, ananidai chai. Hakufangi.

Ni mimi,
binti yako wa kwenye kreti