Bomba la Kiti Nililomfungia Kigen

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Myanga, Kaunti ya Bungoma
Kuhusu: Kifo cha Kigen Chelimo, aliyepigwa na umati katika soko la Myanga tarehe 15/03/2025

Jina: Jentrix Nakhumicha
Umri: Miaka 44
Kazi: Fundi wa baiskeli
Makao: Kitale mjini. Nyumbani kwa asili ni Myanga.
Kitambulisho: Kimeonekana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimefika kituoni leo Jumatano, tarehe 19 Machi 2025, saa tatu na robo asubuhi. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu nimesikia imeandikwa hapa kwamba marehemu Kigen alikiri wizi mbele ya watu, na watu wa kwao Cheptais sasa wanataka azikwe haraka haraka bila ibada, kama mwizi. Kigen hakuwa mwizi. Kile chuma alichouawa kwa ajili yake nilikichagua mimi na nikakifunga mimi kwenye baiskeli yake.

Nimefanya kazi ya ufundi Kitale kwa miaka kumi na tisa. Baba yangu ni marehemu Jairus, aliyekuwa karani wa kinu cha mahindi hapa Myanga, kwa hivyo watu wa soko hili wananijua. Wengi walinicheka nilipoanza kushika spana. Wakishamaliza kucheka huniletea baiskeli zao.

Kigen nilimfahamu mwezi wa Mei mwaka jana. Alikuwa na miaka ishirini na sita, akilima vitunguu na mama yake Linah huko Cheptais, na alikuwa akishindana kwa baiskeli za mlimani. Alikuwa mtu wa miguu mirefu kwenye fremu ndogo, maana ndiyo fremu aliyoipata. Nilikuwa nikimtania, "Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma." Naye hunijibu, "Kushuka niachie mimi, Fundi. Wewe niwekee breki tu." Hakuniita jina hata siku moja. Aliniita Fundi.

Mwezi wa Januari alikuja akichechemea. Magoti yalikuwa yanamuuma, na alikuwa amejinunulia mwenyewe bomba la kiti, yaani kile chuma kinachoingia kwenye fremu na kubeba kiti. Lilikuwa la alumini, linang'aa kama sufuria mpya. Lilikatika akiwa kwenye mteremko juu ya Cheptais na kipande kikamchana paja. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Nilimgombeza sana. Nilimwambia, "Wewe ulichagua kwa macho, bana. Kitu cha kukalia huchaguliwa kwa masikio."

Nilimkalisha kwenye baiskeli, nikafunga nati kwenye uzi na kuishusha kutoka gotini. Nati ilianguka mbele kabisa ya pedali. Nikamweleza kwamba kiti kinatakiwa kirudi nyuma, na bomba lililonyooka haliwezi kukirudisha vya kutosha. Alihitaji bomba lililopinda nyuma kichwani, tena la chuma, kwa sababu kwenye bomba la namna hiyo uzito wote huelemea pale shingoni, linapopinda. Nilimwahidi kwamba nitamtafutia la kudumu.

Mnamo tarehe 25 Februari 2025, Jumanne, saa nne asubuhi, nilikwenda kwa Nyaruai, mama anayeuza vipuri kuukuu vya baiskeli hapo Kitale. Nilipekua magunia yake. Mabomba mawili niliyakataa. La tatu lilikuwa la chuma kizito, limepinda nyuma vile nilivyotaka, na chini ya shingo mtu alikuwa amelehemu kiraka kidogo cha kulitia nguvu. Nililining'iniza kwa kamba nikaligonga kwa spana, likalia vizuri bila kukwaruza. Nikalipaka mafuta ya taa, nikalipangusa, nikalipaka chaki. Kama kuna ufa, mafuta hutoka na kuchora mstari kwenye chaki. Hakukuwa na mstari. Ile kazi ya kulehemu ilikuwa safi mpaka nikamwambia Nyaruai kwamba aliyefanya hii, ningempata, ningempa kazi.

Nilimuuliza lilitoka wapi. Alisema, "Si ni gunia tu limekuja. Watu huleta." Sikuuliza tena. Nilikuwa nimefurahi, na mtu aliyefurahi haulizi.

Kigen alikuja saa nane mchana siku hiyohiyo. Bomba lilikataa kuingia kwenye fremu. Upande wa chini palikuwa na herufi zilizogongwa, na kingo zake zilikuwa zimeinuka. Nilipiga tupa pale mpaka pakalainika na bomba likaingia. Herufi zilifutika, ukabaki mguu mmoja wa herufi ya pili. Sikufikiria kwamba lile ni jina la mtu. Nilifikiria upana tu. Kigen alizunguka na baiskeli barabarani, akarudi akicheka, akasema magoti yamepona kabla ya dawa.

Mnamo tarehe 15 Machi 2025, Jumamosi, kulikuwa na mashindano ya baiskeli yaliyoandaliwa na vijana wa soko la Myanga. Nilikuja kumwona mama yangu na kumtazama Kigen. Nilibeba mkoba wangu wa spana kwa sababu siuachi. Waendeshaji waliondoka saa nne na nusu na kumalizia sokoni. Kigen alifika wa pili, saa saba na dakika kumi mchana. Watu walimshangilia. Alinipungia mkono kutoka mbali akaenda kunywa maji. Mimi nilikuwa kwenye meza ya mama anayeuza omena, kama hatua tano hivi kutoka ilipokuwa imeegemezwa baiskeli yake.

Saa saba na nusu hivi alipita Hillary. Hillary ni jirani wa kwetu, nimemjua tangu akiwa darasa la nne. Mdogo wake, Kizito, alikuwa fundi wa kulehemu hapa Myanga. Mwezi wa Novemba mwaka jana Kizito alikatwa kwa panga njiani akiwa kwenye baiskeli ya Hillary, na wauaji wakaenda na ile baiskeli. Mimi nilituma pole kutoka Kitale. Kizito nilimwacha akiwa bado mtoto nilipohamia Kitale, na kazi ya mikono yake sikuwahi kuiona. Ningeijua, yasingefika hapa.

Hillary alisimama. Akainama, akapitisha kidole chini ya shingo ya lile bomba, pale penye kiraka. Alisema polepole, "Hii ni ya Kizito." Halafu akapiga kelele, "Hii ni kazi ya ndugu yangu! Alinilehemea mwenyewe, nikiwa nimeshika! Hii ya nani?"

Kigen alisema, "Ni yangu, boss. Kuna shida?"

Hillary alifungua kibano cha kiti, akachomoa bomba lote na kuligeuza. Alikuwa anatafuta jina lake. Alipoona pamepigwa tupa, na ule mguu mmoja wa herufi umebaki, aliwaonyesha watu. "Amefuta jina langu. Mnaona? Wamemuua Kizito halafu wakafuta jina." Watu walikuwa kama arobaini na wakazidi. Mmoja alisema, "Huyu ametoka huko juu mlimani. Nani anamjua hapa?" Hakuna aliyejibu. Mimi pia sikujibu.

Pigo la kwanza alipiga Hillary, kwa lile bomba, begani. Nilisikia mfupa. Kigen alishika bega akasema, "Ngoja, bana, ngoja nikuambie." Mwanamume mwenye shati la manjano alimpiga teke nyuma ya goti akaanguka. Hapo nilisukuma mkoba wangu wa spana chini ya meza ya omena. Nilifanya hivyo kwa mguu, ili nisiinamishe kichwa watu wakaniona.

Hillary alimuuliza, "Ulitoa wapi hii?" Alijibu, "Kitale. Nilifungiwa na fundi." Hillary akauliza, "Fundi gani? Nani alipiga tupa? Taja jina!" Wengine wakawa wanasema aletwe huyo fundi pia, achomwe pamoja naye. Kigen aliinua uso. Damu ilikuwa imemwingia jicho moja. Alinitafuta kwa lile lingine mpaka akaniona. Nikaangalia kando. Akasema, "Ni mimi. Nilipiga tupa mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno mnayoyaita kukiri. Ni uongo wa kwanza kumsikia Kigen akisema, na aliusema kwa ajili yangu.

Baada ya hapo walimpiga wote. Hillary alimpiga kichwani kwa bomba. Nilihesabu mpaka tisa. Bomba halikupinda wala kiraka hakikuachia. Mwenye shati la manjano alileta jiwe la kusimamishia mkokoteni akamwangushia kifuani. Mwanamke mmoja aliyevaa leso ya bluu alimpiga mikononi kwa mwiko wa ugali, kwa sababu alikuwa anafunika uso. Wanaume wawili nisiowajua walimkanyaga miguu. Kijana mmoja alikwenda kutafuta petroli, na kama si askari wenu kufika saa nane kasorobo, wangemchoma. Hawa wote nikiwaona nitawatambua, na niko tayari kuwaonyesha kwa kidole.

Siku zote naambiwa mdomo wangu utaniponza. Nimegombana na machifu, nimegombana na wenye malori. Siku hiyo nilikuwa mtoto wa Jairus, kwenye soko la kwetu, Hillary ananiita dada tangu utotoni, na neno moja tu lilihitajika: "Niliyepiga tupa ni mimi." Pengine wangenipiga. Pengine Hillary angesimama, maana ananijua. Sasa sitajua kamwe. Niliogopa, afande, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko uhai wake.

Askari walipowatawanya watu, Hillary hakukimbia. Alikaa chini amelipakata lile bomba, akikipangusa kile kiraka kwa shati lake. Alikuwa analia akimwita Kizito. Simtetei. Nasema nilichoona.

Kigen alipelekwa hospitalini Bungoma na akafariki Jumapili tarehe 16, saa kumi na mbili asubuhi. Nililala kwa mama na sikumwambia mtu lolote.

Jumatatu tarehe 17, saa nne asubuhi, nilikwenda mochari huko Bungoma. Linah, mama yake, alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake. Hakuna aliyekuja naye kutoka kwao. Nilimsalimia, akatazama mikono yangu yenye grisi, akauliza, "Ni wewe Fundi?" Nikasema ndiyo, mama. Akanishika mkono na hakuuachilia. Alisema, "Mimi nilikuwa sitaki aende Myanga, hatuna mtu kule. Akaniambia, mama, usijali, Fundi ni wa kule, siwezi kuwa mgeni." Halafu akaniuliza kama nilikuwa karibu naye wakati ule. Nilimwambia nilikuwa mbali. Nilimdanganya mama mfiwa akiwa amenishika mkono.

Ninaomba mambo matatu. Nyaruai aulizwe kwa utaratibu, bila kupigwa, gunia lile lilitoka kwa nani, kwa sababu aliyemuua Kizito anapatikana kwa njia hiyo na bado anatembea. Iandikwe kwamba Kigen alipewa bomba lile na mimi, na tupa niliipiga mimi, na alichosema sokoni hakikuwa kweli. Na nakala apewe Linah apeleke kanisani kwao kabla ya mazishi ya Ijumaa, ili mtoto wake aingizwe ndani ya kanisa kama watu wengine. Nimeelezwa kwamba naweza kushtakiwa kwa kushika mali ya wizi. Nimeelewa.

Haya nimeyasema mwenyewe bila kulazimishwa wala kuahidiwa kitu. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, na ni yangu.

Sahihi ya shahidi: J. Nakhumicha
Tarehe: 19/03/2025. Saa: 5:40 asubuhi

MAANDISHI YA AFISA
Mimi, Koplo Viola Chepngeno wa kituo hiki, nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea, naye akatia sahihi kila ukurasa. Mkoba wa spana umeletwa na shahidi mwenyewe pamoja na tupa moja bapa, na vimepokelewa kama vielelezo.

Baada ya kutia sahihi, saa 5:50, shahidi alikuwa ameshafika mlangoni akarudi. Aliomba marekebisho kwenye ukurasa wa tatu, pale anapoeleza marehemu alivyomtafuta kwa macho. Alisema maneno "Nikaangalia kando" si kweli, na kwamba marehemu alimtazama kama anayeomba ruhusa ya kumtaja. Maneno hayo yameachwa yalivyo. Kwa maagizo yake, pembeni pameandikwa "Nikamtikisia kichwa, kumkataza," na sote wawili tumetia sahihi.

V. Chepngeno, Koplo