Trekta Dogo Ulilolichagua Wewe

Mpendwa Mama Namsifu,

Trekta limefika. Limepandishwa mlima wiki iliyopita juu ya lori la kukodi, na nusu ya Mhezi ilitoka barabarani kulitazama kana kwamba anashushwa bibi harusi. Ni lile dogo. Najua ungecheka, halafu ungeziba mdomo kwa kanga ili nisione. Cheka tu, mke wangu. Kesi umeshinda, na mimi niliyeshindwa sina wa kumwomba radhi.

Mchungaji ananiambia niombe. Nikipiga magoti maneno hayaji, nabaki nahesabu mbao za dari. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Unakumbuka siku ile tulipokwenda Moshi kuyatazama matrekta? Jana yake ulishinda shambani na kamba ya katani, unashuka ngazi za shamba letu la mteremkoni moja baada ya nyingine, unapima upana toka ukingo hadi ukingo na kufunga fundo kila mahali. Nilikuuliza unafanya nini. Ukasema, "Anayenunua kiatu si hupima mguu kwanza?" Nikakucheka. Nilikuwa nimeendesha malori tangu ujana wangu, nimeshuka Same hadi Dar na kurudi mara zisizo na idadi. Niliona kwamba mtu wa kunifundisha habari za injini hajazaliwa, na kama amezaliwa, hakuzaliwa Upareni, tena hakuzaliwa mwanamke.

Tulipoingia kwenye ile yadi nilikwenda moja kwa moja kwenye trekta kubwa kuliko yote. Nikapiga tairi teke, nikapanda, nikashika usukani. Yule muuzaji akaja, kijana mwenye adabu. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Mimi nikamuuliza lina hospawa ngapi. Yeye akauliza shamba letu liko wapi. Kabla sijafungua kinywa ukamjibu: "Mhezi, kule juu. Shamba la ngazi. Ngazi zetu nyingine ni nyembamba, nimezipima." Ukatoa kamba yako mfukoni.

Basi yule bwana akaniacha juu ya kiti, akakuchukua wewe mpaka kona ya mwisho yalikokuwa yale madogo. Nilibaki peke yangu huko juu kama kuku aliyesahaulika darini. Nilikusikia ukiuliza. Linahitaji nafasi gani kugeuka? Kwenye mteremko likipinduka, dereva anakingwa na nini? Spea zinapatikana Same, au ni kungoja kutoka Dar wakati mvua inapita? Litavuta tela la maharage mpaka barabarani? Hospawa hukuuliza.

Niliposhuka nikasema kwa sauti, ili na wengine wasikie, "Hili ni la kuchezea watoto. Hamisi akiniona juu ya hili atanicheka mpaka siku ya kuzikwa." Hamisi wa Kihurio, rafiki yangu wa barabarani, alikuwa ameacha malori na kununua trekta kubwa jekundu la kulimia mpunga. Kila nikienda kumtembelea alinizungusha nalo, nami nilirudi nyumbani na wivu wangu.

"Hamisi analima tambarare," ulisema. "Sisi tunalima ngazi. Shamba ndilo linalochagua, Baba Namsifu."

Nilikuambia ama kubwa, ama tungoje. Hukubisha. Ulikunja kamba yako, ukairudisha mfukoni, na njia nzima ya kurudi ukawa unazungumza habari za kwaya.

Watu hututania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi nilikuwa nikicheka pamoja nao, sijui kwamba wananisema mimi. Tulingoja masika ya kwanza. Tukangoja na ya pili. Kila ulipouliza nilisema, "Bado kidogo, tutachukua la maana." Na kila asubuhi ulishuka na jembe, ngazi sita, kuanzia ya juu mpaka ile ya chini yenye udongo mweusi. Jioni ulikaa kwenye kigoda cha jikoni, na ili uinuke ulishika ukuta. Niliona. Siwezi kukudanganya leo kwamba sikuona.

Halafu ikaja ile asubuhi ya masika ya tatu. Walikukuta umeanguka ngazi ya nne. Hospitali walisema ni presha. Daktari hakutaja jembe hata mara moja. Mimi ndiye ninayelitaja, kila siku. Watoto wananiambia, "Baba, ni mipango ya Mungu." Sawa. Lakini Mungu hakuwa na wivu na trekta la Hamisi.

Siku ya mazishi wazee wa ukoo walinijia wakauliza tukulaze wapi. Kichwa changu hakikuwa changu. Nikatazama shamba lote limejaa mahindi na maharage uliyoyapanda mwenyewe, nikaona mahali pamoja tu peupe, mwisho wa ngazi ya chini, karibu na migomba. Nikasema, "Mlazeni pale, hapana mazao." Nilishukuru hata moyoni kwamba pana nafasi ya kutosha na watu hawatakanyaga maharage yako.

Baada ya arobaini, Hamisi alipanda kuja kunitazama. Alitembea nami ngazi zote sita, na kwa mwili ule alihema sana. Tulipofika chini alisimama mbele ya kaburi lako, akakusomea dua yake, kisha akaniambia, "Bwana, lile langu hata kwenye geti lako haliingii. Shemeji alishachagua. Kachukue lile alilochagua." Hakunicheka. Miaka yote ile niliogopa kicheko ambacho mwenyewe hakuwa nacho.

Ndipo nikarudi Moshi. Yule muuzaji alikukumbuka. Aliuliza, "Mama mwenye kamba hajambo?" Nikamwambia. Akanipa pole, akasema safari hii hawatauza kabla fundi wao hajaliona shamba, kwa sababu ya mteremko. Fundi akaja. Ngazi tano za juu alizipitia vizuri, anapima kwa hatua, anaitikia kwa kichwa. Kule juu kuna nafasi mwishoni, trekta litageuka. Akashuka ya sita. Alipofika mwisho, penye kaburi lako, alivua kofia.

"Mzee," alisema, "hapa litaingia, ila halitageuka. Lingegeukia hapo tu."

Nikasema nitarudi kinyumenyume, mimi ni dereva. Akasema kwenye ukingo ule, na udongo ukiwa mbichi, hata malaika asirudi kinyumenyume.

Namsifu alikuwa nyuma yetu, amekuja likizo. Alianza kulia kabla sijaelewa. "Baba," akasema, "pale mama alipaacha makusudi. Misimu miwili hakupanda kitu. Aliniambia trekta likija litageukia hapo, na nisikwambie, maana utasema anakushinikiza."

Nilikuwa nimedhani umechoka, mke wangu. Nilidhani ngazi ile imekushinda kuimaliza, na niliwahi hata kukutania mbele ya wageni kwamba siku hizi unabakiza. Kumbe ulikuwa unaliandalia trekta nafasi, msimu baada ya msimu, ukijinyima debe zima la maharage, na ukiningoja mimi niache ujinga. Nami nikaja nikakulaza palepale.

Shemeji zangu wamependekeza tubomoe ukuta wa mawe unaoshika ngazi ile, tupanue kwa upande wa migomba. Wako tayari kuitisha msaragambo, watu waje na sururu, kazi ya siku moja. Nimewashukuru, nimekataa. Siwezi kuvumilia chuma kikinguruma karibu na kichwa chako. Ulinivumilia mimi, inatosha.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Ngazi tano zinalimwa na trekta. Ni zuri, halili mafuta, na kwenye mteremko limetulia kama ulivyotaka. Kazi ya wiki mbili tumeimaliza kwa siku moja. Niliposhuka kitini nilitaka kukuita uje uone, na jina lako likanitoka kwa nguvu mpaka jirani akaitika kwa hofu. Nikaingia ndani nikalia kama mtoto.

Ile ya sita nalima mwenyewe kwa jembe. Namsifu ameniletea kibarua, nimemrudisha. Umri huu ndio kwanza nimejifunza kwamba udongo mweusi ukilowa unang'ang'ania jembe, na kwamba katikati ya ngazi kiuno kinakataa, lazima mtu asimame, aegemee mpini, angoje. Inanichukua siku nne. Wewe ulikuwa ukiimaliza kwa mbili, tena unarudi kupika makande.

Jana nikiwa nimesimama hivyo nilielewa jambo ambalo sijamwambia mtu. Tulibishana trekta kubwa au dogo, hili au lile, mwaka huu au ujao, nikadhani huo ndio ugomvi wetu. Na muda wote huo jembe la pili lilikuwa limeegemea ukuta wa jiko, Mama Namsifu. Lilikuwa pale. Sikulishika hata siku moja.

Nisamehe, kama huko mliko watu husamehe.

Mumeo,
Baba Namsifu