Meno ya Mama na Ukurasa Niliouficha

Mshauri, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, mwakani namaliza sekondari, na si mtu wa maneno mengi, hata darasani jibu nikilijua huliandika pembeni ya daftari badala ya kunyosha mkono, lakini hili limenishinda kulibeba peke yangu, kwa hiyo nakuomba unisikilize hadi mwisho ndipo unikasirikie.

Tunaishi wawili, mimi na mama. Mama ni fundi cherehani, ana miaka arobaini na mmoja, anashona sare za shule katika chumba cha kupanga yeye na fundi mwenzake. Karatasi yoyote ikiingia kwetu, ya umeme, ya dawa, ya mwenye nyumba, naisoma mimi, si kwamba mama hajui kusoma, anajua vizuri, ila miwani yake inalala kazini juu ya cherehani, na nikishasoma mimi yeye anahesabu imesomwa. Sikuwahi kumsomea uongo hata siku moja mpaka mwezi uliopita.

Mwezi uliopita aliniambia nimsindikize kliniki ya meno. Nilidhani anakwenda kung'oa. Daktari alimwangalia mdomoni kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Mama, wewe ni fundi wa nguo?"

Mama akasema, "Nani kakwambia?"

"Jino lako."

Akaniita nami nione kwa kioo chake kidogo, na kweli kwenye ncha ya jino la mbele palikuwa na mfereji mwembamba kama umechongwa kwa tupa, kumbe ni miaka ishirini ya kukata uzi kwa meno, na Mshauri, nilishikwa na kitu sijui nikiiteje, nimesoma vitabu vingi lakini sikujua kwamba kazi ya mtu inaweza kuandikwa mwilini mwake namna ile na mtu mwingine akaja akaisoma.

Mara ya pili tulipokwenda, tulikuta meno yake yote yako mezani, yametengenezwa kwa plasta nyeupe, na daktari akayaweka mikononi mwangu. Nilimshika mama yangu kama anavyoshikwa kifaranga. Akatuonyesha jinsi meno ya juu yalivyoyafunika ya chini, na ya chini yanavyochoma ufizi wa juu kwa nyuma kila anapofunga mdomo, akasema bila shaka anatafuna upande mmoja tu kwa sababu ya maumivu, mama akaitikia kwa kichwa kama vile ni jambo la kawaida, na mimi nimekula naye meza moja maisha yangu yote bila kuliona. Mama akauliza kama kwa umri wake vyuma vya kunyoosha meno bado vinafaa. Daktari akasema mfupa wa mtu mzima nao husogea, ila polepole, miaka miwili hivi. Nilikaa pale nikimtazama mama nikiwaza kwamba hata mifupa yake bado haijamaliza safari.

Halafu tukapewa karatasi ya malipo, ina kurasa mbili. Tulipofika nyumbani mama akasema, "Haya, soma." Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kulipa yote kwa mkupuo na kupunguziwa. Wa pili ulikuwa wa kulipa kidogo kidogo, kitangulizi kwanza, kisha kila mwezi kwa miezi ishirini na minne. Nilisoma wa kwanza kwa sauti. Niliuona wa pili, na hapo nikakumbuka kwamba mwezi ujao ni zamu ya mama kupokea kwenye kikundi chao cha akiba na pesa hiyo ndiyo ada yangu ya mwaka wa mwisho, nikaona akijua kuna njia nyepesi atakitoa kitangulizi humo humo, nikakunja karatasi.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Mama hupima kila kitu kwa faida ya sare. Alifumba macho akahesabu. "Sare mia mbili na kumi na sita," akasema. "Basi tuyaache. Nimekaa nayo miaka yote hii, hayajawahi kunidai kodi." Tukacheka, lakini mimi nilicheka vibaya.

Nikadhani yamekwisha. Juzi nilipitia kazini kwao, nikamkuta fundi mwenzake anamtania. "Mtu mzima na waya mdomoni. Utanasa redio wewe."

"Nikinasa nitakufungulia taarifa ya habari," mama akasema. "Wewe lete tu huyo mnunuzi."

Ndipo nikajua anauza mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa, ambayo bila yake sare hazikamiliki. Anakuja mtu kuichukua Jumamosi. Nilimuuliza kwa nini asingoje zamu ya kikundi. Hata hakuinua kichwa. "Ile ni ada yako, siigusi. Meno ni yangu, na mashine ni yangu."

Mshauri, sikuwahi kumwona mama akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, na nilipomwona nilistaajabu mpaka nikaogopa, na katika kuogopa nikamfungia mlango. Ukurasa wa pili uko ndani ya kitabu changu cha historia. Je, nimwambie, au nitafute njia ya kuzuia mashine isiuzwe bila yeye kujua nilichofanya? Na alipeje, ili meno yapone na tusibaki bila kazi?

Mimi, Msomaji wa Nyumba.

JIBU

Marahaba, binti. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Jumamosi, kwa hiyo na wewe usichelewe.

Mwambie. Leo, akitoka kazini, akishavua viatu. Hiyo njia ya kuzuia bila yeye kujua iondoe kichwani, ni uongo wa pili unaotaka kulipia wa kwanza. Uliogopa ada, naelewa, shule ni kila kitu kwa mtoto kama wewe. Lakini ulikuwa na mdomo wa kusema, "Mama, na ada yangu je?" Ukachagua kumwamulia mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, tena kwa kutumia imani yake. Na jibu la swali ambalo hukumuuliza ameshakupa: ameona ni heri auze mashine kuliko kugusa shule yako. Yatafakari hayo, kisha inuka.

Usianze na maelezo marefu. Sema, "Mama, karatasi ina ukurasa wa pili, niliuficha nikiogopa ada." Mpe aushike. Atakasirika, usijitetee.

Sasa malipo. Mashine isiuzwe. Anayeuza kinachomwingizia pesa ili apate punguzo hajapunguziwa chochote. Achukue njia ya kidogo kidogo, ila asitie saini kabla hajazungumza na kliniki. Mama yako ni fundi wa sare: shule zikifunguliwa kazi humiminika, katikati ya muhula hukauka. Aombe alipe zaidi miezi ya kufungua na kidogo miezi mikavu, na wakikubali waandike. Aulize pia kama bei hiyo ni pamoja na kuvitoa vyuma mwishoni, na kifaa cha kuvaa baadaye ili meno yasirudi yalikotoka, na chuma kikibanduka nani analipa. Huko ndiko watu wengi hukwama, mwezi wa ishirini, pesa zimeisha na kazi haijaisha. Kila malipo yawe na risiti.

Zamu ya kikundi ibaki ya ada. Kitangulizi kikimzidi, awaulize kliniki kama anaweza kukitoa kwa awamu mbili, au asubiri msimu wa sare upite ndipo aanze. Ufizi unaochomwa unauma, kwa hiyo asivute mwaka, ila miezi miwili ya kujipanga amwulize daktari kama ufizi utaivumilia. Na uzi sasa ukatwe kwa mkasi. Vyuma havitavumilia ule mchezo.

Wewe nawe mkumbushe miadi na umwandikie malipo yake, lakini kuamua mwachie. Huo mshangao uliokushika ulipoyashika meno yake ulikuwa mzuri. Ulikosea ulipomwona ni mtu mzima mwenye haja zake ukaona ni hatari.

Mtakwenda kliniki pamoja mara ishirini na nne, au zaidi. Muda wa kusamehewa utakuwa nao wa kutosha. Mashine ina mpaka Jumamosi tu.