Kilwa ilikuwa chini ya maji

Mardi (Jumanne), mwezi wa kumi 1998, Nchelenge

Joto leo! Mvula inakataa, ziwa limetulia kabisa, lakini miye siwezi kukaa chini. Nimeona kitu.

Mbele niseme kosa langu. Karte ya bato la vaksini, mashua yenye kupeleka sindano ku visiwa, njo miye ninaiandikia programu, ku kompyuta ya biro ya samaki. Docteur wa vaksini aliitaka leo saa kumi, sababu bato linapewa mafuta ya kufika ku vijiji vyenye kuonekana ku karte, basi. Na ku karte yangu kisiwa cha Kilwa, kile cha mu ziwa letu, hakikuwako. Bleu yote. Maji.

Mama Kapya, muchuuzi wa samaki wa kule Kilwa, alipita kuuliza sindano ya batoto itakuja lini. Akaangalia ekra ya kompyuta, akacheka mpaka kitenge kikafunguka.

“We mwana, umetuzamisha! Donc miye ninalala na samaki?”

“Pole mama, ni programu.”

“Programu haina macho? Batoto bangu batano beko mu maji?”

Nilisikia haya. Niliandika pointi zote za ukingo, zenye tulipima, mu liste moja, vile mutumbwi wetu ulipita: kushuka ku kijiji cha Kabuta, kuvuka, kuzunguka Kilwa, kurudi. Lakini kompyuta haijui kuvuka. Iliunganisha tu, kisiwa kikamezwa.

Kisha nikaelewa, pale pale, na mama amesimama nyuma yangu. Pointi moja ni kitu kidogo sana. Zikishikana, ni mustari. Mustari ukirudi pale ulianzia, ni lupango, kama ua wa nyumba: iko na ndani, iko na inje. Na lupango ingine inaweza kukaa ndani ya ile ya kwanza na kusema, hapa maji hapana!

Ziwa liko na tundu. Tundu njo Kilwa.

Nikatenga ukingo wa ziwa, nikatenga ukingo wa kisiwa, nikaweka mmoja ndani ya mwingine. Nikabonyeza. Kilwa ikatoka mu bleu, jaune kabisa, manjano ya inchi kavu.

Niliruka ku kiti. Kweli.

Mama akaweka kidole ku ekra. “Na kiziba cha mu katikati, kwenye tunalowesha mihogo?”

Mungu wangu. Maji ndani ya inchi, inchi ndani ya maji! Lupango ndani ya lupango, inashuka mpaka wapi?

Saa kumi docteur aliandika Kilwa ku liste ya mafuta. Mama Kapya alienda mbio kuambia benzake.

Lakini vile visiwa vidogo vyenye sikuzunguka, nani analala mule, mu bleu yangu? Kesho, mbele bato halijatoka, nitauliza bavuvi bote.